Nimeacha mpira nina miaka 29, na nje ya uwanja simjui mtu. Nyie mlianzia wapi?

NambaTatu aliandika:

Habari zenu wadau. Nitaandika kwa urefu, naomba mnivumilie maana jambo hili sijawahi kulisema kwa mtu.

Nimecheza Ligi Kuu ya Wanawake misimu saba, beki wa kushoto, timu tatu. Nilitokea UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Kocha alikuja kumtazama mshambuliaji wa shule nyingine, akaondoka na mimi. Januari goti la kulia likaachia kwa mara ya pili. Daktari akaniambia nitatembea, nitapanda ngazi, nitabeba mtoto, ila ligi ndiyo basi. Nina cheti cha kidato cha nne na mtoto wa miaka minne anayelelewa na mama yangu Singida.

Wiki mbili zilizopita nilisikia kuna kampuni ya mizigo Kurasini inatafuta watu wa stoo. Nikaenda steshenari kutengeneza CV. Kijana anauliza, mimi najibu, yeye anachapa. Jina, tarehe ya kuzaliwa, shule. Akafika kwenye "Uzoefu wa kazi", akaniangalia. Nilikaa kimya muda mrefu hadi akaandika mwenyewe: Hakuna. Kisha chini kabisa, kwenye "Mambo ninayopenda", akaweka kucheza mpira, kusikiliza muziki, kusafiri. Nikalipa elfu mbili nikatoka. Ile karatasi nimeisoma kwenye daladala mpaka Mbagala. Misimu saba. Nimelala kwenye sakafu za madarasa ugenini, nimecheza na kidole cha mguu kimevunjika, nimeshika posho za wenzangu ishirini na ushee bila kupotea hata mia, na yote hayo yamewekwa mstari mmoja na kusikiliza muziki.

Usiku nikafungua simu. Nina namba 412. Nikaanza kuzipitia moja moja nikijiuliza nani kati ya hawa anaweza kuniambia kitu kuhusu kazi. Wachezaji wenzangu, makocha, bodaboda, dalali wa usajili, yule kaka anayeuza viatu vya mtumba Karume. Nikazima simu.

Wenzetu wa kiume mechi ikiisha wanashuka watu wa jukwaa kuu kuwapa mkono. Kuna mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kuna mheshimiwa, kuna meneja wa benki. Siku akistaafu anao wa kuwapigia. Mechi zetu nyingi tulicheza mchana siku za kazi, jukwaani ndugu zetu na wanafunzi. Filimbi ya mwisho, tunabadilisha nguo, tunapanda basi.

Kutomjua mtu kumeshanigharimu. Nilipopata ujauzito viongozi waliniambia mkataba umeishia hapo, nikafungasha. Baadaye sana ndiyo nikasikia kwamba tangu Januari 2021 FIFA imeweka kwamba mchezaji apewe likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, kwa angalau theluthi mbili ya mshahara. Mimi wakati ule sikuwa na hata mtu mmoja wa kumuuliza "hivi hii ni halali?"

Najua wapo waliobaki kwenye mpira wakafika mbali. Ester Chabruma alicheza Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, akaja kuifundisha JKT Queens. Jonesia Rukyaa alishika filimbi hadi kwenye mechi ya Simba na Yanga. Na wapo waliotoka nje, kina Aisha Masaka na Clara Luvanga, Mungu azidi kuwainua. Sisi wengine tuliobaki hapa ndio naowaulizia.

Kila siku naambiwa kazi ni kujuana. Sawa. Kujuana kwenyewe kunaanzaje, kwa mwanamke aliyetumia ujana wake wote kambini?


SentaMstaafu alijibu:

Mdogo wangu, nimesoma hapo kwenye CV nikaacha chai ikapoa. Kijana wa steshenari usimlaumu, kaandika alichokiona kwenye uso wako. Wa kulaumiwa ni sisi tuliokutangulia tukakaa kimya.

Mimi nilicheza netiboli, senta, miaka kumi na mbili. Sasa hivi nipo masjala kwenye wizara moja hapa Dodoma. Nikueleze nilivyofika, maana hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Kuna shirika liliniomba niwachezee kwenye mashindano ya wafanyakazi. Si mfanyakazi wao, kwa hiyo nilikwenda kama mamluki, kila mtu anajua mambo hayo. Waliniahidi ajira baada ya mashindano. Robo fainali tukawafunga timu moja vibaya, wakakata rufaa, ikagundulika sina kitambulisho cha kazi, tukatolewa. Jioni ile wale walionileta hawakupokea simu yangu. Nilikaa na begi langu nje ya hosteli nikiwaza nauli. Akaja nahodha wa timu pinzani, yule yule aliyeandika barua ya rufaa. Dada mmoja mrefu, mlinda goli (GK), tulikuwa tumeparuana mchana kutwa. Akaniuliza, "Wewe una cheti gani?" Nikamwambia kidato cha nne. Akasema, "Hawa hawatakuajiri hata ungewaletea kombe. Nenda Chuo cha Utumishi wa Umma ukasome utunzaji wa kumbukumbu, masjala wanahitajika kila ofisi." Akanipa nauli na namba yake.

Niliomba chuo mwaka uliofuata. Ada ya muhula wa kwanza nililipa kwa kufundisha netiboli shule mbili za binafsi, na hizo shule nilizipata kwa wachezaji wenzangu waliokuwa walimu. Yule GK ndiye aliyenionyesha fomu zinajazwaje. Kazini niliingia kwa tangazo na usaili kama wengine, ila nilikuwa tayari najua faili linafunguliwaje na linatembeaje ofisini, kwa sababu nilishamuuliza mara mia.

Sasa rudi kwenye simu yako. Umezitafuta namba 412 kwa swali ambalo si lake. Umeuliza nani mkubwa. Chukua daftari, uandike kila mwanamke uliyewahi kucheza naye au dhidi yake, na mbele ya jina uandike leo yuko wapi. Usipojua, mpigie, umsalimie, umuulize. Mimi nilipofanya hivyo nilikuta nesi wawili, askari magereza, mtendaji wa kata, mwalimu mkuu msaidizi, mwingine anaendesha mashine ya kuchapa vitambaa Urafiki. Nilikuwa nawahesabu kwa namba zao za uwanjani, huyu WD, yule GS, sikuwahi kuwahesabu kama watu wa kazi.

Na ukiwapigia, usiseme "nisaidie kazi". Mtu akisikia hilo anaogopa, maana hana kazi ya kukupa, na ataanza kukukwepa. Muulize kitu anachokijua: hapo kwenu mtu wa stoo anaingiaje, anatakiwa awe na cheti gani, tangazo hutoka wapi? Hilo kila mtu anaweza kulijibu, na watu wanapenda kuulizwa mambo wanayoyajua. Wiki tatu baadaye mrudie, umwambie ulichokifanya kwa ushauri wake. Hapo ndipo atakapokukumbuka nafasi ikitokea.

Kama majeshi yanakuvutia, uliza mapema kuhusu umri kabla hujapoteza nauli. JKT, Polisi, Magereza na Uhamiaji wanapenda wanamichezo, ila umri wanauangalia na goti lako wataliona.

Mama yako yuko Singida umesema? Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi Singida. Ungesoma huku unaishi na mwanao. Kwa ngazi ya cheti wanataka kidato cha nne na ufaulu wa masomo manne. Lifikirie hilo kabla ya stoo ya Kurasini.


Muajiri_Mza alijibu:

Habari dada. Mimi ni afisa rasilimali watu kwenye kampuni ya samaki hapa Mwanza, nasoma CV kila wiki. Mambo mawili tu.

La kwanza, mpira uuhamishe ukae kwenye uzoefu wa kazi: jina la klabu, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani, ulifanya nini. Hilo la kushika posho za watu ishirini liandike kwa maneno hayo hayo. Mimi nikitafuta mtu wa stoo, mwaminifu wa fedha za wenzake namwita siku hiyo hiyo. Na uombe barua ya klabu yenye mhuri, bila barua ni maneno.

La pili, wadhamini. Watu wanaandika majina matatu makubwa bila kuwaambia. Mwezi uliopita nilimpigia mdhamini wa kijana mmoja, daktari kabisa, akaniuliza, "Nani huyo?" Faili nikalifunga. Bora uweke kocha wako wa viungo atakayepokea simu na kukusemea dakika tano kuliko mheshimiwa asiyekujua.


MbioNdefu_Iten alijibu:

Hamjambo, naandika kutoka Iten, Kenya. Mimi nilikuwa mkimbiaji wa barabarani, nusu marathoni na kilomita 10, sasa nina duka la nguo za mazoezi. Dadangu NambaTatu, huku kwetu watu hudhani kwa sababu tunapanda ndege basi tunajua watu. Si kweli. Mimi nilikimbia Ulaya misimu mitano na sikumjua mtu hata mmoja.

Nieleze kwa nini. Meneja ndiye aliyeongea na waandaaji wa mbio. Kocha ndiye aliyeongea na meneja. Mume wangu ndiye aliyeongea na kocha, na simu yenye laini ya kazi alikaa nayo yeye. Barua pepe yangu sikuijua neno la siri. Nilikuwa nafika Ujerumani, nakimbia, nalala, narudi. Mwaka wa tano mama mmoja aliyekuwa akitupokea uwanja wa ndege alinipa kadi yake mkononi, akasema, "Kila mwaka nakuandikia, hujibu." Nilisimama pale na namba yangu ya kifuani bado imebanwa kwa pini, nikahisi joto usoni. Barua zake zote zilikuwa zimefunguliwa na mtu mwingine, mimi sikuwahi kuziona.

Mnakumbuka Agnes Tirop. Aliuawa nyumbani kwake hapa Iten Oktoba 2021, akiwa na miaka 25, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee kule Ujerumani. Wanariadha wenzake wakaanzisha Tirop's Angels ili msichana mwenye shida nyumbani awe na mahali pa kukimbilia. Tangu msiba ule nimeona kujuana kwa upande mwingine kabisa. Mwanamke ambaye milango yake yote inapitia kwa mtu mmoja, huyo mtu akigeuka, hana pa kupigia hodi.

Lornah Kiplagat aliliona hilo mapema. Alipofungua kambi yake hapa miaka zaidi ya 20 iliyopita aliwalenga hasa wasichana, ili wapate pahali pa kulala na kufanya mazoezi bila kumtegemea mwanamume. Sisi hatukuwa na pesa za kujenga kambi, lakini tulikuwa na chama. Tuko wanawake kumi na mmoja, wengine bado wanakimbia, wengine tumestaafu. Tulikuwa tukichanga pesa tu na kunywa chai ya maziwa. Baada ya ile kadi ya Ujerumani niliwaambia: kuanzia leo, kila mwezi mmoja wetu alete mgeni ambaye si mwanariadha.

Mwezi wa kwanza akaja wakili, binamu ya mwenzetu. Tukamletea mikataba yetu ya viatu. Wawili walikuwa hawajui kwamba mkataba ulikwisha mwaka mzima nyuma. Mwezi wa pili akaja mama wa benki kutoka Eldoret, kisha mtu wa ushuru, kisha nesi wa uzazi. Kuna mwezi tulimleta fundi wa ujenzi, kwa maana wengi wetu tunajenga nyumba za kupangisha na tunaibiwa simiti. Hao wageni hawakuondoka hivi hivi, kila mmoja tumemhifadhi namba na tunamjulia hali. Yule mama wa benki ndiye aliyeniambia kuna chumba cha duka kinaachwa wazi hapa mjini. Nilikuwa mtu wa kwanza kumfikia mwenye nyumba.

Kwa hivyo usiende peke yako, dadangu. Tafuta wanne au watano wa timu yako ya zamani. Mtu mkubwa atachoka kuombwa chai na mwanamke mmoja mmoja, lakini akiitwa na wanawake watano kuja kuwafundisha kitu, anakuja amevaa koti.


NambaTatu aliandika:

Asanteni, nimesoma kila kitu mara mbili. Dada Senta, nina swali nililoona haya kuliandika mwanzoni. Mara mbili nimejaribu kumuuliza kiongozi kuhusu kazi, na mara zote mbili jibu lilikuwa "njoo jioni tuongee vizuri", akataja hoteli. Sikwenda. Tangu hapo nikimwona mwanaume mwenye cheo nanyamaza. Nawezaje kujuana na watu kama hivi ndivyo wanavyoanza?


SentaMstaafu alijibu:

Hukukosea kutokwenda, na usijilaumu kwa kunyamaza. Wengi tulipitia hapo, hata huyo GK wangu.

Kwanza ujue jina lake: hiyo ni rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, bure. Ujumbe wowote aliokuandikia usiufute.

La pili ni la kila siku. Mimi nikitaka kuonana na mtu mwenye cheo naandika ujumbe mfupi: mimi ni fulani, nitapita ofisini kwako Jumanne saa nne asubuhi na mwenzangu fulani, tuna swali moja kuhusu jambo hili. Ofisini, asubuhi, wawili, swali moja. Mwenye nia njema hana shida nayo. Mwenye lake ataanza kuhamisha saa na mahali, basi umeshamjua kabla hujatoka nyumbani. Na anza na wanawake. Kwenye hilo daftari lako watatosha sana.


NambaTatu aliandika (wiki tatu baadaye):

Nimerudi kuwapa mrejesho.

Katika zile namba 412 nimepata wanawake 57 wa kuandika kwenye daftari. Nimewapata kwa simu 39. Kipa wetu wa msimu wangu wa kwanza ni mhudumu wa maabara kwenye zahanati Kibaha. Winga mmoja wa Mwanza aliyenitesa kila msimu ni karani wa mahakama. Yule niliyempokea mtoto wake mgongoni akiwa anaingia uwanjani, sasa ni mwalimu na ana kikundi cha wasichana anachokifundisha mpira Jumamosi, ameniomba nije kumsaidia na mabeki. Nimekwenda mara mbili. Analipa nauli na chakula, na mzazi mmoja pale ameshaniuliza kama naweza kumfundisha binti yake siku za wiki.

Mmoja katika wale 57 alikuwa mwamuzi. Aliwahi kunipa kadi ya njano ugenini na nikamsemea maneno mabaya. Niliogopa kumpigia, nikapiga. Sasa ni afisa michezo wa wilaya. Ile mechi anaikumbuka, dakika yenyewe anaikumbuka. Nikamuomba radhi, akacheka, tukaongea robo saa nzima. Amenieleza kozi ya ukocha ya leseni D inavyotangazwa, na kwamba kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kule Kwimba kwa anayetaka stashahada. Akasema akiona tangazo la kozi atanitumia. Jana kalituma.

Barua ya klabu imechukua siku tisa na safari nne. Katibu alikuwa anasema mhuri uko kwa mwenyekiti, mwenyekiti anasema uko kwa katibu. Safari ya nne nilikwenda na wenzangu watatu ambao nao walitaka barua zao, tukakaa pale nje kwenye benchi toka asubuhi. Saa saba mhuri ukaonekana. Hao watatu ndio tumeanza nao kachama ketu kama ka dada wa Iten. Mgeni wetu wa kwanza ni yule karani wa mahakama, anakuja Dar mwisho wa mwezi kwenye harusi, tumemwomba atupe saa moja juu ya mikataba.

Nimerudi steshenari kwa kijana yule yule. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari, yeye akachapa tu: Mchezaji, Ligi Kuu ya Wanawake, misimu saba, nahodha msaidizi misimu miwili, mtunza posho wa timu. Wadhamini watatu, wote nimewapigia, wote wamesema watapokea.

Kurasini sijapeleka. Nimeongea na mama, nataka kujaribu Singida. Dada Senta nimekutumia ujumbe pembeni kuhusu fomu. Na kama kuna mtu hapa amesoma masjala tawi la Singida, naomba aniambie masomo yanaanza saa ngapi asubuhi, maana mtoto inabidi nimfikishe chekechea kwanza.